Sili Niliyoikata Kwenye Ngozi ya Ng'ombe

Mwanangu Chacha,

Salamu zangu umeshazipata leo mlangoni, na za mama yako utazipata kesho pamoja na machozi, maana ameshaanza kuyafanyia majaribio. Mambo ya kula vizuri, kuamka mapema na kutoazima watu blanketi lako, hayo atakuambia yeye mpaka lori liwashwe, na akisahau moja atalikimbilia barabarani. Mimi nina langu moja tu. Limenikaa kooni miaka tisa na leo linataka kutoka.

Nakuandikia hapa gereji, kwenye benchi la spana. Ulipoondoka mchana kwenda kuwaaga wajomba zako nilifurahi kwamba utalala huko, kwa sababu nilijua ukiwa karibu nisingeandika hata mstari. Mbele yangu limesimama lori utakalopanda kesho kwenda Musoma kuiwahi meli ya Mwanza. Chini ya injini nimetandaza gazeti kuukuu. Kila nikiandika kidogo nainuka, nachuchumaa, naangalia kama limeingia doa. Halijaingia. Nimewasha injini mara tatu na kuizima mara tatu. Tajiri mwenye lori amepita hapa akaniuliza, "Fundi, tayari?" Nikamwambia asubiri. Akasonya, akaenda zake.

Wewe kazi hii unaijua, lakini nitaandika kama kwa mtu asiyeijua, maana nataka hata mama yako akisomewa barua hii aelewe kila neno. Ndani ya injini kuna mhimili mzito unaozunguka, ndio kranki. Nyuma ya injini kranki inatokeza nje ili iisukume klachi, na klachi ndiyo inayopeleka nguvu kwenye magurudumu. Pale inapotokezea pana pete, ndiyo sili. Kazi ya sili ni kuzuia oili isitoke. Ikishindwa, oili inaingia kwenye klachi, klachi inateleza, na injini inabaki kunguruma bure huku gari haliendi. Penye tambarare utakwama tu. Mlimani ni habari nyingine.

Nimeinuka, nimeangalia. Pakavu.

Sasa nikukumbushe jana sokoni. Ulikuwa na wenzako wanakununulia chai ya kuagana. Mwita akapita na mkongojo wake, kabeba mafungu ya katambuga, vile viatu vya tairi anavyotengeneza. Ukapaza sauti, "Rivasi! Angalia nyuma, Rivasi!" Wenzako wakacheka mpaka chai ikawapalia. Hata mwenye mgahawa alicheka. Mwita hakugeuka. Na mimi, mwanangu, nilikuwa nimesimama mlangoni na ukaniona, ukanikonyeza, nami nikacheka pia.

Nilicheka, Chacha. Usiku kucha sikulala kwa sababu ya kile kicheko.

Wewe huna kosa kubwa. Jina hilo ulilikuta. Watoto wote wa Tarime wamekua wakijua kwamba Mwita ndiye dereva aliyekosea gia mlimani, akarudi kinyumenyume na lori zima la watu. Nani aliwaambia? Yeye mwenyewe alisema hivyo mbele ya askari, na mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Alidanganya. Hakukosea gia.

Ngoja nianze nilipopaswa kuanza.

Niliporudi kutoka vita vya Hitla, nilirudi na ufundi wa jeshini na kichwa kikubwa. Nakuambia kichwa kikubwa! Hapa mafundi walikuwa wachache, na waliokuwepo nilikuwa nikiwaita wafua majembe. Tajiri akanipa lori hili hili unaloliona, likiwa bado na rangi yake ya kwanza. Mwita ndiye alikuwa dereva. Mimi na yeye tulitahiriwa msimu mmoja, asubuhi moja, yeye mbele yangu na mimi nyuma yake, na wembe ulipotoka kwake ulikuja kwangu. Hilo unalijua lina uzito gani kwetu. Mtu wa namna hiyo humpigi, humtoi kwa askari, na watoto wako wanamwita tata, yaani baba, kama wanavyokuita wewe. Wewe ulipokuwa mdogo ulimwita tata. Baada ya ajali ukaacha, nami sikukuuliza kwa nini umeacha.

Siku moja sili ya nyuma ikafa. Vipuri havikuwepo. Vita vilikuwa vimekwisha juzijuzi, ukiagiza kitu Kisumu unajibiwa ngoja, Nairobi ngoja. Soko lilikuwa linakaribia, magunia ya wimbi yamejaa ng'ambo ya Mto Mara yanasubiri gari. Tajiri akaniuliza kama naweza. Mtu mwenye akili angesema hawezi. Mimi nikasema, "Nipe siku mbili."

Jeshini nilikuwa nimeona sili za ngozi. Ni kweli zipo, viwandani wanazitengeneza. Basi nikajiambia, Mkurya na ngozi, nani atamfundisha mwenzake? Nimezaliwa juu ya ngozi, nimelala juu ya ngozi, bibi yako alikuwa akivaa ngozi laini kuliko kitambaa hiki cha shati langu. Nikachukua ngozi ya ng'ombe iliyokuwa nyumbani, ya mgongoni, sehemu nene. Nikaisugua kwa mafuta ya ng'ombe siku nzima kama nilivyomwona bibi yako akifanya, mpaka ikawa inakunjika kama chapati. Nikaikata mviringo kwa kisu, nikaipachika. Ilikaa vizuri ajabu. Nilimwita mama yako aje kuiona! Akaja na unga mikononi, akatazama, akasema, "Sasa hiyo ndiyo nini?" Nikamcheka kwamba hajui kitu.

Kosa lilikuwa hapo. Mimi ngozi naijua kitandani na mwilini, mahali ambapo hakuna joto zaidi ya la mtu. Sikuijua ngozi ndani ya injini. Mafuta ya ng'ombe yakipata joto lile yanayeyuka yote, yanakwenda zake, na ngozi inabaki kavu, inajikunja, inakuwa ngumu kama kwato. Tena ngozi yetu hukauka chini, uani, na vumbi linaingia ndani yake usilione. Ningewasha injini saa mbili tatu nikaitazama kabla ya kulitoa lori, ningejua. Sikufanya hivyo. Niliiwasha kidogo tu ili tajiri aisikie, akanipiga begani, akaniita fundi mkuu. Nikavimba.

Mwita alilala chini ya gari kabla ya kuondoka. Ndiyo tabia yake, hakuwa dereva wa kupanda tu na kupiga honi. Akatoka na kidole kimelowa. Akaniambia, "Marwa, inatona."

Nikamwambia, "Ni oili ya kuoshea. Itakauka."

Akanitazama. "Una hakika?"

"Mwita, nani fundi hapa?"

Akapangusa kidole kwenye suruali, akapanda. Alipanda kwa sababu mimi ndiye niliyesema.

Nimeinuka tena. Gazeti kavu.

Walifika ng'ambo ya mto salama, wakapakia wimbi, wakapakia na watu juu ya magunia kama kawaida. Wakavuka na kivuko kurudi. Kwenye ule mlima mrefu baada ya mto, klachi ikateleza. Waliokuwamo wamenisimulia: injini inalia kwa nguvu zote na lori limesimama, halafu likaanza kurudi. Breki hazikuweza mzigo ule. Mwita angeweza kuruka, mlango ulikuwa wazi. Hakuruka. Alilipeleka nyuma kwenye ukingo wa udongo kwa makusudi, upande wake, ili lisitumbukie bondeni na watu wote. Likalala. Watu walivunjika mikono, mama mmoja meno. Hakufa mtu. Mguu wa Mwita ulibaki chini ya mlango mpaka jioni.

Nilifika pale na baiskeli. Kitu cha kwanza nilichofanya, Chacha, kabla sijamwendea yeye, niliinama chini ya injini kutazama. Oili ilikuwa inachuruzika kutoka nyuma. Nikachota udongo, nikapaka. Ndiyo, mimi baba yako. Nilipaka udongo pale palipolowa ili asiyejua asione. Halafu ndipo nikaenda kumshika rafiki yangu mkono.

Askari akaja na daftari. Akamuuliza Mwita, ilikuwaje? Mwita akanitazama. Sijatazamwa vile tena maishani. Kisha akasema, "Nilikosea gia." Askari akaandika. Basi, ikawa hivyo. Leseni ikaenda, kazi ikaenda, na mguu ukapona ukiwa mfupi. Jina likaja lenyewe, sokoni, baada ya wiki mbili.

Mimi nikanyamaza. Siku ya kwanza nilinyamaza kwa hofu. Siku ya pili nikajiambia ngoja apone kwanza. Alipopona nikajiambia nikisema sasa nitaonekana mwongo mara mbili. Ukishaanza kutafuta siku nzuri ya kusema, hakuna siku inayofaa. Nimekuwa nikipita njia ya juu kwenda sokoni, ile yenye matope, na mama yako ananiuliza kila masika kwa nini naharibu viatu. Nimekuwa nikimpelekea Mwita nyama kila tukichinja, kwa mkono wa mtu. Anapokea. Hajawahi kurudisha neno.

Nilikufundisha kazi kwa ukali, unakumbuka. Siku uliyoniambia "itakauka" kuhusu lile doa dogo kwenye pampu ya maji, nilikurushia kitambaa usoni na kukufukuza hapa, ukaenda kulia kwa mama yako kwamba baba amechanganyikiwa. Mama yako akaja juu kweli kweli. Nikachukua spana, nikaingia chini ya gari. Ningewajibu nini?

Sasa juzi, hili lori. Baada ya ajali tajiri alilipeleka Kisumu likanyooshwa, wakaliwekea sili nyingine ya mpira, na miaka yote limekuwa likitona kidogo kidogo, watu wamezoea. Wiki hii imekuja sili mpya ya mpira, ndani ya kopo lake, nzuri. Nikasema mwanangu hatapanda gari linalotona. Vijana wa tajiri wakanisaidia kushusha giaboksi, lile sanduku la gia linaloifunika klachi, nikatoa klachi, nikaitoa sili ya zamani. Nikapitisha ukucha juu ya kranki. Ukucha ukakwama. Kuna mfereji mwembamba pale, umezunguka mhimili wote. Nikajua papo hapo. Sili ya mpira haikwangui chuma namna ile. Ni ngozi yangu, na lile vumbi la uani, iliyokwangua chuma safari nzima ya kwenda na kurudi. Miaka tisa mfereji ule umekaa mle ndani kwenye giza, haujafutika.

Nikaketi chini. Halafu nikafanya nini? Nikaipachika sili mpya mahali pale pale pa siku zote, haraka haraka, nikafunika, nikakaza nati. Sikutaka kuutazama ule mfereji.

Ngoja niangalie gazeti.

Chacha, lina doa.

Ni moja, dogo, kama tembe ya dawa. Nimeligusa, nimelinusa. Ni oili ya injini, imetoka nyuma. Nimekaa hapa nalitazama na unajua neno lililonijia mdomoni la kwanza kabisa? Itakauka. Naapa. Baada ya yote niliyokuandikia hapo juu, ndilo neno lililokuja. Tena likaja na sababu zake: doa moja si kitu, lori litafika Musoma, mlima kesho ni wa kuteremka si wa kupanda, meli inaondoka kesho usiku na ukiikosa utakaa wiki nzima kwenye gati, na kule Mwanza wanaokusubiri wanaweza kumpa mwingine nafasi yako ya kazi. Kila sababu ni ya kweli. Lakini lori lile litarudi, na likirudi litapanda mlima, na juu ya magunia kutakuwa na watoto wa watu.

Naweka kalamu. Nakwenda kwa Mwita. Nikirudi nitamalizia.

Nimerudi.

Nilipita njia ya chini. Nilimkuta mbele ya nyumba yake, kaweka tairi kati ya magoti, anakata. Akasema bila kuinua kichwa, "Karibu, Marwa. Umekuja kupimwa mguu?"

"Sikuja kwa viatu."

"Basi kaa."

Sikukaa. Nilisema yote nikiwa nimesimama, ngozi, udongo, askari, sokoni jana. Nilisema vibaya, nilirukaruka, nikarudia. Alimaliza kukata ukanda wake, akauweka pembeni.

"Miaka tisa unapita kwenye matope kunikwepa," akasema. "Nilishasema huyu atapita huko mpaka nife."

"Ulijua tangu siku ile?"

"Ebo! Si nilikuambia inatona? Au umesahau?"

"Sijasahau."

"Sasa unaniuliza nini?"

Nikamuuliza kwa nini hakunitaja kwa askari. Akanikata jicho. "Wewe ungenitaja mimi?" akasema. Nilitaka kusema nisingemtaja. Neno halikutoka, kwa sababu nilikuwa nimemnyamazia miaka tisa, na kumnyamazia mtu namna ile ni kumtaja kila siku. Nikaanza kulia, mwanangu, mzee mzima, mbele ya viatu vya tairi.

Akaniacha nilie. Kisha akasema, "Mguu ulishapona. Kazi nayo, tairi zinanilisha. Linaloniuma ni lile jina. Mtoto wako nilimbeba begani huyu, nikamwendesha kwenye usukani akiwa hana meno ya mbele. Jana ameniita Rivasi na wewe umecheka. Nilikusikia. Kicheko chako nakijua."

Nikamwambia kesho nitasimama mbele ya abiria wote niseme nani alikosea.

"Kesho gari halitoki saa kumi na mbili?"

"Haliwezi. Linatona."

Hapo ndipo aliponitazama vizuri. "Linatona? Na umekubali kwamba linatona?" Akacheka, Chacha! Alicheka mpaka akajishika mguu. Kisha akachukua mkongojo wake. "Twende. Giaboksi haishushwi na mtu mmoja."

Nimeandika haya haraka kwa sababu yeye ameshaingia chini ya gari na kandili, ananigongea chuma kwa spana, anauliza ni barua gani hiyo isiyokwisha. Nilimweleza ule mfereji ulivyo na mahali ulipo. Akasema tusiipachike sili pale pale, tuisukume ndani zaidi kidogo, upana wa ukucha, ikae kwenye chuma kizima. Dereva kaniambia hivyo, mimi fundi mkuu! Na ni kweli, ndiyo njia. Ningeiona mwenyewe juzi kama ningekuwa na moyo wa kutazama.

Kwa hiyo sikiliza. Kesho ukija na sanduku lako utakuta lori limeinuliwa juu ya magogo na abiria wamenuna. Tajiri nimeshampelekea habari kwamba kosa ni langu. Amefoka, na ana haki ya kufoka. Tukimaliza saa nne, utaiwahi meli. Tukichelewa, utaikosa, na itakuwa mimi nimekukosesha, nawe utanikasirikia, nami nitakubali. Afadhali unikasirikie ukiwa mzima.

Mama yako atakupa barua hii mkononi. Kaa kwenye benchi uisome, maana mimi uso kwa uso nitashindwa. Nitakuwa chini ya gari, utaona miguu yetu tu. Kabla gari halijaondoka nitatoka niseme mbele ya wote, hilo ni langu, lisikutie wasiwasi.

Lako ni dogo. Utaona miguu miwili mirefu sawa, hiyo ni yangu, ipite. Nenda kwenye ule mmoja mfupi. Chuchumaa, inamisha kichwa mpaka akuone, useme kwa sauti ile ile uliyotumia sokoni, abiria wote wakusikie:

"Shikamoo, tata Mwita."

Baba yako,
Marwa